Papa Amisi, Mwizi wa Sauti

Mwezi uliopita Djuma, kijana wa Papa Amisi, alinipigia simu kutoka Kabondo. Sikumtambua mara moja, maana nilipomwacha alikuwa bado anatambaa. "Mama Sifa," akasema, "papa ametuacha. Famille imeketi, imeona wewe njo utasema neno siku ya matanga, juu wewe njo ulikuwa sauti yake." Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaacha mchi ndani ya kinu. Sauti yake! Nikamwambia, "Mwanangu, pole. Pole sana na msiba, Mungu awape nguvu. Lakini baba yako alichukua maneno yangu ya kutosha akiwa hai, na mengine sitampelekea kaburini." Kijana akasema bon, mama, tumesikia, akakata. Mume wangu, aliyekuwa anasikiliza toka sebuleni, alisema nimekosa adabu, marehemu hasemwi vibaya. Mimi nasema huyu atasemwa, tena na mimi, kwa sababu alipokuwa hai hakutaka kusemwa. Meno yangu yamebaki machache lakini hasira ile bado nzima, na nitaiandika hapa kabla wajukuu hawajaambiwa hadithi nyingine.

Ulikuwa mwaka ambao Kisangani nzima ilifuata feuilleton ya Mama Chapeau. Jina lake la kweli sikumbuki wala silitafuti. Sisi tuliiita hivyo kwa ajili ya yule bibi tajiri aliyevaa kofia hata mezani, aliyemficha mtoto wa mtumishi wake na kumwambia mama mtu kwamba mtoto amekufa. Ilikuwa sehemu kwa sehemu, na kila sehemu inakukatia pale pale unapotaka kujua. Televisheni yetu wakati ule ilikuwa ya hotuba, na ya watu wa animation wanaomchezea ngoma Guide, yaani rais, huku wamevaa vitenge vyenye sura yake, kwa hiyo Mama Chapeau ilitufikia kwa kaseti. Mtu aliinasa Ulaya kwenye televisheni ya huko, mtu wa Kinshasa akainakili, bato ikaipandisha mto pamoja na chumvi na sabuni, na mwisho wa safari yote hiyo ulikuwa salle ya video ya Papa Amisi, nyuma ya soko dogo la mtaa wetu wa Kabondo. Leo watoto wa mjini wananiuliza, kwa nini hamkununua ya halali? Ya halali! Niliiona moja tu mwaka ule, kwa padri mmoja aliyetoka likizo kwao, na bei yake ilizidi mbuzi wa mimba. Wenye filamu walizitoa kwao kwanza, halafu kwa majirani zao, halafu kwa matajiri wengine, na sisi hawakujua hata kama tunaishi. Ningengoja wanikumbuke, ningekuwa nangoja mpaka leo hii ninapoandika.

Salle yenyewe ilikuwa zamani depo ya kahawa, na mvua ikinyesha kuta zilitoa tena harufu ya kahawa. Madirisha yamezibwa kwa makatoni, mabenchi hayana migongo, televisheni imefungiwa ndani ya kizimba cha vyuma kama kuku wa kuuza. Uani Mama Bolumbu, mjane wa mvuvi kutoka kwenye maporomoko, aliuza lituma, ndizi za kuponda, na samaki wa moshi kwenye jani, na pilipili yake ilikuwa inakutoa jasho kabla hujaionja. Tulikula uani Jumamosi mchana baada ya salongo, ile kazi ya lazima, mikono bado na udongo wa mifereji ya Serikali, halafu tunaingia. Shida ilikuwa Kifaransa. Nusu ya watu mle walijua Kifaransa cha kuitikia kauli za Parti, basi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule kwa masista, nafasi ya universite imenipita bila kunisalimia, na siku moja nilikuwa namnong'oneza Mama Bolumbu wanachosema mle ndani, mtu wa nyuma akapiga kelele: "Dada, sema kwa nguvu! Unatunyima nini?" Nikasimama kando ya kizimba, nikasema kwa nguvu. Jumamosi iliyofuata mabenchi hayakutosha.

Niseme ukweli bila kujivuna, nilikuwa hodari. Sikutafsiri kama karani. Mtumishi aliyeibiwa mtoto nilimpa Kiswahili cha kwetu, cha mama anayelia kwenye mkeka. Mama Chapeau na watu wake wote niliwatia Lingala mdomoni, Lingala ya amri, ile ya askari wanaokuuliza karatasi zako barabarani. Watu walikufa kwa kicheko. Kila yule bibi akifungua mdomo, Mama Bolumbu anainuka kwenye benchi: "Beta ye! Mpigeni!" Ndipo siku moja kijana wa Jeunesse ya Parti akanisubiri mlangoni, akaniuliza kwa upole ule unaotisha: "Citoyenne, mbona wabaya wote wanasema Lingala?" Nikamjibu kwamba jaji wa feuilleton naye ni mbaya na atasema Kiswahili, ngoja wiki ijayo. Wiki iliyofuata jaji akasema Kiswahili mpaka mishipa ikanitoka shingoni. Watu walianza kuniita Mama Chapeau sokoni, na mimi nilikuwa na miaka ishirini, nimevaa pagne ya kuazima, natembea kama nimenunua barabara.

Kaseti zilichelewa. Zilichelewa kwa maji kupungua, kwa bato kukwama kwenye mchanga, na zaidi zilichelewa kwa makusudi, kwa sababu mtu wa Kinshasa alijua kwamba tukingoja tutalipa. Papa Amisi alijifunza kwake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mtu wa Maniema, anayekunja kanzu vizuri kabla ya kuketi, na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Alipandisha bei tu. Bato ikichelewa, kaseti ya zamani inarudiwa na kiingilio ni kile kile. Bato ikifika, kiingilio kinapanda. Mama Bolumbu alimuuliza uani mbele ya watu, "Papa Amisi, tumengoja sisi, sasa tulipe tena juu ya kungoja?" Akamjibu akitabasamu, "Mama, kungoja nako kuko na bei." Watu wakacheka. Nami nilicheka, na nikifikiri kicheko kile leo natamani kumtupia mtu kinu.

Katikati ya mwaka aliniletea maikrofoni. Alikuja nayo imefungwa kwenye kitambaa, na thermos ya tangawisi ya moto. "Mutoto yangu, unajiumiza koo," akasema. "Sema polepole, mashine itabeba." Nani amewahi kuniletea kitu mimi, na kwa ajili ya koo langu? Nilimshukuru kwa mikono miwili. Waya wa maikrofoni ulipita chini ya mlango wa chumba cha nyuma, alikoweka mashine zake za kunakili, na mimi sikujiuliza kwa nini waya ule uende kulala chumba kile, ilhali spika ya kutolea sauti ilikuwa mbele yangu ukutani. Kila Jumamosi tangawisi ilikuwa pale. Nilisema vizuri zaidi kuliko mwanzo, bila kupiga kelele, mpaka pumzi za yule mtumishi zilisikika anapolia.

Kisha tantine yangu akafa Basoko, nikashuka mto kwenda kumzika. Jioni ya kwanza baada ya maziko nilitoka na binamu zangu kunyoosha miguu, tukapita karibu na nyumba moja ya mabati penye groupe ya umeme inayonguruma na watu wamesongamana mlangoni. Nikasikia mtu anasema, "Mwanangu hakufa, moyo wangu unamusikia anatembea." Nikasimama. Ilikuwa mimi. Ilikuwa sauti yangu, pumzi yangu, hata kile kikohozi cha siku ya mafua. Na nyuma yake, mbali kidogo, nikamsikia Mama Bolumbu waziwazi: "Beta ye!" Nikamwambia kijana wa mlangoni, "Ndugu yangu, huyu anayesema ni mimi." Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndala, nguo yangu ya msiba, macho yangu mekundu. "Dada, lipa uingie," akasema. Nikamwambia tena, nikamwigizia Mama Chapeau pale pale, na Lingala yake yote. Watu wakageuka wakashangilia. Kijana akacheka mpaka akashika ukuta: "Eh! Unamwiga muzuri sana! Lakini mwenye sauti iko mama munene wa Kinshasa, anafanya kazi kwa televisheni. Papa mwenye kaseti njo alituambia." Binamu zangu walinivuta mkono. Mambo yalikuwa yameenea mto mzima, Isangi, Basoko na mbele, kila mji ukilipa kusikia koo langu, na mimi nimesimama nje nikiambiwa nilipe kiingilio.

Niliporudi Kabondo sikupita hata nyumbani kuweka mzigo. Papa Amisi alikuwa chumba cha nyuma anakula wali na nyama, mashine zinazunguka kando yake, na kutoka kwenye kijisanduku kidogo nilitoka mimi nikiongea. Hakushtuka. Alinikaribisha chakula. Nikamwuliza, "Papa, nani amekupa ruhusa?" Akanawa vidole kwanza. "Mutoto yangu, keti. Umechoka, umetoka kwa kilio. Alors, sikiliza. Kaseti zote zilizofika sasa zinaongea zenyewe, hata hapa. Wewe pumuzika kidogo." Sikuelewa mara moja kwamba nimefukuzwa kazi, kwa jinsi alivyolisema kwa huruma. Nilipoelewa nikapiga meza mpaka wali ukaruka. Nikamwita mwizi. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza bila tabasamu. "Mwizi? Na wewe? Yale maneno yalikuwa yako? Uliyatoa kwa Wazungu, haukuwauliza. Mimi nimeyatoa kwako, sikukuuliza. Tofauti iko wapi?"

Nilibeba mzigo wangu nikatoka, na kwa miaka mingi nimemjibu peke yangu, nikiosha vyombo, nikingoja usingizi. Jibu ninalo sasa. Wale Wazungu sikuwaletea tangawisi, Papa Amisi. Sikuketi nao nikawaita watoto wangu. Sikumwambia mtu hata mmoja kwamba Mama Chapeau ni mtu wa Kabondo. Kila aliyeingia alijua ni yao, mimi naisimulia tu, uso wangu uko pale mbele na anayetaka kunipinga anipinge. Wewe ulichukua sauti ukaitoa mwilini, ukampa mama mnene wa Kinshasa ambaye hayupo. Pesa ungekula, kula tu, watu wote walikuwa wanakula nchi ile. Mimi nilitaka kitu kimoja, kwamba anayesikia sauti ile ajue ni ya Sifa. Hicho kingekugharimu nini?

Nilienda kushitaki kwa commune. Ofisini mkubwa aliketi chini ya picha ya Guide, anamenya karanga. Akanisikiliza mpaka mwisho, na nilidhani nimepata mtu. "Citoyenne," akasema, "ile film, wenyewe waliwapa ruhusa?" Hapana. "Donc iko mali ya wizi. Na wewe ulitia sauti yako ndani ya mali ya wizi. Sasa unataka Serikali iingie kukutafutia? Ile sauti iko na papier?" Nikamwambia sauti haina karatasi, inajulikana kwa kusikia. "Basi," akasema, "kama haiko na papier, nitaandika nini?" Akapepeta maganda ya karanga kwenye kiganja. Nilipofika mlangoni akaniita, nikageuka haraka. Aliinama mbele kidogo, akashusha sauti: "Lakini yule mutoto wa film… watamurudisha kwa mama yake?" Nikafunga mlango kwa nguvu iliyoangusha kitu ndani, sijui nini.

Mwisho wa feuilleton ulichelewa kuliko yote. Mtu wa Kinshasa aliishikilia kaseti ya mwisho wiki baada ya wiki, watu wakaanza kugombana uani, mmoja anasema mtoto amekufa kweli, mwingine anasema mtoto ndiye dereva wa Mama Chapeau. Ilipofika ilikuwa ya Kifaransa kavu, bila shaka, na Papa Amisi akaja mwenyewe mpaka kwa dada yangu nilikolala, thermos mkononi. Alisema mara moja tu, ya mwisho, watu wanakudai. Nikasema ndiyo. Aliona ni tangawisi iliyoniregeza. Nilikuwa nimewaza jambo moja, nalo nililipata kwenye redio. Mnajua wanamuziki wetu: katikati ya wimbo mwimbaji anataja jina la mtu, fulani wa mtaa fulani, nasi tunaita kutupa libanga. Jina likishaingia kwenye wimbo nani atalitoa? Nikasema moyoni vema, nami nitatupa langu, na lako pia.

Siku hiyo watu walijaa mpaka kwenye madirisha, waling'oa makatoni. Papa Amisi alikuwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa, groupe inanguruma karibu ya ukuta wake, anasimamia mashine ili kaseti zishuke mto na bato ile ile kabla mwingine hajanakili. Hakusikia kitu zaidi ya mngurumo. Nilisema vizuri kuliko siku zote. Mtumishi alipofika kwenye geti na kumwona mtoto, salle nzima ikavuta pumzi, nikashika maikrofoni kwa mikono miwili nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, si ya mtumishi wala ya kofia: "Sifa ya Kabondo njo anasema! Papa Amisi, mwizi wa sauti! Papa Amisi, mwizi wa sauti, e!" Kisha nikamwacha mama amkumbatie mtoto wake. Watu walilia, walipiga makofi, walipiga mbao za mabenchi. Nilitoka nje. Mama Bolumbu akanifuata anafuta machozi kwa ncha ya pagne, akanikumbatia. "Umemutupia libanga muzuri sana, mutoto!" akasema. "Alikulipa bei gani?"

Nilidhani anatania. Jamani, hakuwa anatania. Kwetu libanga hutupiwa mkubwa, na mkubwa hulipa. Nani amewahi kusikia libanga la bure, libanga la matusi? Mwizi wa sauti, walisema, ni jina la kishujaa, kama wale wanaojiita simba na radi: mtu anayekamata sauti ya dunia akatuletea Kabondo. Na jina langu, lile nililolitaka kuliko chakula, halikusikika kabisa. Sifa ya Kabondo! Walisikia ni sifa tu, sifa za mtaa, mwimbaji anasifu kabla ya kumtaja bwana wake. Wauza samaki walioshuka Basoko walirudi wakisema huko watoto wanakimbia barabarani wakiimba Papa Amisi, mwizi wa sauti, e, na wenye salle wanataka kaseti yenye libanga, ile isiyo nalo hawaitaki. Yeye mwenyewe alipolisikia, niliambiwa, alisukuma sahani kando. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia tumbo. Jumamosi iliyofuata alinipungia mkono toka mlangoni mbele ya watu, akaita, "Merci, mutoto yangu!" Nilitema mate chini. Watu wakasema huyu dada amekuwa na kiburi tangu amsifu mkubwa.

Wiki chache baadaye napita pale na debe la maji kichwani, namkuta fundi wa rangi juu ya ngazi. Ukuta wa mbele umepakwa chokaa mpya, na kwa herufi nyekundu za urefu wa mkono ameshaandika VIDEO PAPA AMISI, MWIZI WA SAUTI. Alikuwa anamalizia mkia wa herufi ya mwisho, ulimi nje kwa makini. Nikatua debe. Nikamwambia, "Fundi, umesahau kitu. Andika na mwenye sauti." Akanitazama chini toka juu ya ngazi, mtu mwema tu, hana ubaya na mtu. "Papa Amisi hakunilipa kwa hiyo," akasema. "Kila herufi iko na bei yake, dada. Huyo mwenye sauti, jina yake iko na herufi ngapi?"

"Nne," nikamwambia, "na sitalipa hata moja."

Nikapanda ngazi upande wa pili, nikamnyang'anya burashi. Nilijua watasoma vingine, kwamba ni sifa zake. Niliandika SIFA chini ya maneno yake, kubwa kuliko zote, rangi inanitiririka mpaka kiwikoni, fundi akipiga kelele, watu wakijaa. Kesho yake Papa Amisi alilifuta kwa mafuta ya taa. Nikaandika tena.